Lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe: uzoefu wangu baada ya masika mawili

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, tumeirithi mimi na dada zangu, na chumba cha chini anakaa shangazi yetu. Chumba hicho ndicho kilichonifundisha tofauti ya saruji na chokaa, na nimelipia somo hilo mara mbili.

Mara ya kwanza tulimpa kazi mkandarasi aliyesifiwa kwa haraka. Wiki moja tu, ukuta wote umepigwa lipu ya saruji ndani na nje, umenyooka, umepakwa rangi ya mafuta. Sote tulifurahi. Masika ya pili rangi ikaanza kufanya malengelenge. Ukilibonyeza lengelenge kwa kidole linapasuka, unamwagika unga mweupe. Nikauonja, chumvi tupu. Tukamwita, akabandua pale palipovimba akapiga saruji nzito zaidi. Unyevu haukuondoka, ulipanda juu. Nguo za shangazi zikawa zinanuka ukungu kabatini, mwenyewe akawa halali kwa kukohoa, na ncha mbili za boriti zikaanza kulainika pale zinapoingia ukutani. Baadaye nikaja kugundua kuwa hata mchanga aliotumia ulikuwa wa pwani, haukuoshwa.

Tangu sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka Desemba 2020, kila mwenye nyumba ya mawe hapa anaiangalia dari yake kwa jicho jingine. Mimi pia. Nikaanza kuuliza, nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa zamani.

Alipofika alimwamkia shangazi, akakaa kidogo barazani, kisha akaingia akaanza kuugonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Kila alipogonga palilia kama debe tupu. Akaniambia, "Mwanangu, jiwe hili limetoka baharini, halijaacha kunywa maji. Nyinyi mmelivalisha koti la mvua, maji yatatokea wapi?"

Ndivyo ilivyo kweli. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, linafyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Ukuta uliopigwa chokaa unayatoa maji hayo taratibu kwa hewa. Saruji inayaziba. Maji yakikosa njia yanabaki ndani yanalainisha udongo na chokaa vilivyoshika mawe, na chumvi ikiganda nyuma ya lipu inaisukuma mpaka ibanduke vipande vipande.

Kabla ya yote tulichukua kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na huwezi kugusa nyumba kiholela. Kisha tukaibandua saruji yote. Siku tisa za nyundo na tindo, pole pole, kwa sababu saruji ikikataa kutoka inaondoka na jiwe. Halafu fundi akatukataza tusifanye lolote kwa miezi miwili. Madirisha wazi, ukuta uchi, unasuguliwa chumvi kwa brashi kavu. Kipindi hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Majirani wanauliza mmeishiwa hela, shangazi amehamia juu na ngazi zinamchosha, na wewe unatazama mawe tu.

Chokaa aliileta kutoka shimo lake mwenyewe. Mawe huchomwa kwenye tanuu mpaka yawe meupe na mepesi, yakitiwa maji yanachemka yenyewe, kisha chokaa hiyo inalazwa shimoni chini ya maji ikae iive. Yake ilikuwa imelala zaidi ya mwaka. Alichota kwa mwiko, akaugeuza mwiko juu chini, chokaa ikabaki imeshika, laini kama siagi. "Ikidondoka, usiinunue," alisema. Akachanganya sehemu moja kwa tatu za mchanga wa shamba uliooshwa, akapiga tabaka tatu nyembamba, na baina ya tabaka na tabaka tukatundika magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka ikapasuka. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka tu. Inaivuta tena hewa ya kaboni iliyoitoa ilipochomwa, na kidogo kidogo inarudi kuwa jiwe.

Kitu kilichonigusa zaidi kilikuwa mlangoni. Mkandarasi wa kwanza alikuwa amejaza saruji kuzunguka miguu ya fremu ya mlango wetu wa kuchonga, na mti ukawa umeshika maji. Fundi alipoitoa, tukawaona samaki. Wawili, mmoja kila upande, wenye magamba madogo madogo kama kucha za mtoto, na mawimbi chini yao, na mmea unaota kutoka hapo ukipanda fremu nzima mpaka kwenye maua ya yungiyungi. Miaka yote hiyo nilikuwa naona mmea usio na mzizi. Shangazi aliinama akawapapasa kwa vidole, akasema alikuwa akiwalisha wali wa uongo alipokuwa mdogo.

Sasa yamepita masika mawili. Ukuta unabadilika rangi kidogo mvua zikizidi, unakuwa kijivu kwa chini, jua likirudi unarudi mweupe. Malengelenge hakuna. Mchana wa Januari chumba kina ubaridi ambao feni haikuwahi kuuleta. Kikohozi cha usiku shangazi hakijamrudia.

Dosari zipo na nazisema. Gharama ilikaribia mara mbili ya lipu ya saruji, nyingi ikiwa ni ujira wa siku. Chokaa ya kupaka inachafua nguo ukiegemea, na kila mwaka unapaka upya. Ikiwa mbichi inaunguza, mtoto wa dada yangu ilimrukia mkononi tukamwosha kwa maji mengi. Glavu na miwani ni lazima. Ukuta wenyewe hauvumilii msumari. Na tanuu inakula kuni nyingi, kwa hiyo nilimuuliza fundi anachomea nini kabla sijampa kazi. Yeye anatumia zaidi magogo ya minazi iliyozeeka.

Ukitaka kumjaribu fundi wako, usimwombe akuonyeshe picha za simu. Mwombe akupeleke kwenye shimo lake, na mwiko uwe mkononi. Sisi, masika yakiisha, tunaanza ukuta wa juu, na chokaa yake tayari imelala tangu mwaka jana.