Mita ya maji ya nusu inchi: R80 au R160 kwa nyumba ya Unguja?

Ukiziweka mita hizi mbili juu ya meza ya duka la vifaa vya bomba, ni pacha. Shaba ileile, kioo kilekile, namba nyeusi za uniti na nyekundu za lita. Kinachozitenga ni maandishi madogo usoni: moja ina R80, nyingine R160. Kwa nyumba yenye tangi tunasema nunua R160 hata kama bei yake imezidi, na sababu iko kwenye boya.

Zote mbili zimeandikwa Q3 2.5, yaani zinabeba lita 2,500 kwa saa bila taabu. Gawa lita hizo kwa namba ya R, utapata mtiririko mdogo kabisa ambao mita inawajibika kuuhesabu: R80 inaanzia lita 31.25 kwa saa, R160 lita 15.6. Chini ya hapo ISO 4064, kiwango cha kimataifa cha ubora wa mita za maji, hakiidai mita chochote.

Sasa tazama tangi. Likikaribia kujaa, boya hupanda, koki hujibana, maji huingia membamba kama uzi. Uzi wa lita 20 kwa saa ukienda kwa saa 6 usiku ni lita 120. Kwa mwezi, lita 3,600. R80 inaweza kuyapitisha maji hayo gurudumu likiwa limesimama. Mwenye nyumba atafurahia bili, lakini hesabu ya mji imeharibika: maji yamepandishwa kutoka kisimani kwa umeme, yametumika, na kwenye vitabu yanaonekana yamepotea.

Mita ya pistoni husikia hata mtiririko mdogo zaidi, ila hapa hatuipendekezi. Pistoni huzunguka kwenye nafasi nyembamba, na chembe ya mchanga inatosha kuikwamisha. R160 tunayoisifu ni ile ya gurudumu la plastiki linalosukumwa na maji kutoka matundu kadhaa. Nayo ina adui wake. Maji ya Unguja hupita kwenye mawe ya chokaa, na utando mweupe unaoganda ndani ya birika la chai huganda ndani ya mita pia. Matundu yakizibika kidogo, maji hupiga gurudumu kwa kasi zaidi na mita husoma zaidi ya kilichopita. Basi safisha chujio la mdomoni, na usiiamini mita milele. Mita zinazopima kwa mawimbi ya sauti hazina kinachozunguka na nyingi huhifadhi kumbukumbu za kila saa; zinafaa hoteli au bomba kuu la mtaa, kwa nyumba moja ni gharama kubwa mno.

Ufungaji ndio unaoua mita nzuri. Kwanza fungua bomba maji yamwagike mpaka yatoke safi, kwa sababu mchanga wa kuchimbulia na mabaki ya tepu huenda moja kwa moja kwenye chujio. Mshale ufuate maji, uso utazame juu. Ukiona R160H, herufi H inamaanisha uwezo huo ni wa mita iliyolala. Ukiisimamisha ukutani umelipia kitu usichokipata. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi baada ya mita, na koki ya kutolea hewa kabla yake: mgao ukirudi, hewa hutangulia na kulizungusha gurudumu kabla tone halijafika.

Ipime siku hiyohiyo. Jaza ndoo 5 za lita 20, ukizipima kwa mizani (kilo moja ni lita moja). Mita isome kati ya lita 98 na 102. Kisha bana mfereji mpaka chupa ya lita moja ijae kwa dakika 3, uache zitoke lita 5. R160 isome kati ya 4.75 na 5.25. Wengi huruka jaribio hili la pili, nalo ndilo linaloonyesha ulichonunua.

Kwa anayetaka kukisia matumizi ya mbele, soma mita kila siku saa 12 asubuhi, na kando ya namba andika kama tangi lilijaa. Siku lililojaa, namba ni mahitaji ya watu. Siku ambayo halikujaa, namba ni kile bomba lilichoweza kuleta tu, na ukizichanganya utadhani mtaa wenye kiu hautumii maji. Wastani wa kila mtu zidisha kwa watu wanaokuja: sensa zilihesabu watu 593,678 Mjini Magharibi mwaka 2012 na 893,169 mwaka 2022, ongezeko la kama asilimia 4.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo miaka 5 huongeza mahitaji kwa kama asilimia 23, matumizi ya kila mtu yakibaki yaleyale.

Mwezi wa Ramadhani uhesabiwe peke yake. Matumizi hujikusanya kabla ya futari na wakati wa daku, na mfungo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, si Machi na Machi.