Karatasi ya Kamalondo: ukurasa wa pili unalipa, wa tatu una deni

Tangu mwanzoni mwa 2024 nimekuwa nikinunua, karibu kila Jumatatu asubuhi, karatasi ya habari za TP Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi, Kongo, inayouzwa kwenye meza ya muuza uniti za simu huko Kamalondo, si mbali na uwanja wa klabu. Ni kurasa nne tu, yaani karatasi moja pana iliyokunjwa katikati na kupigwa fotokopi, na bei yake ni franka 1,000. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatawafurahisha wenyewe, nami bado nataka kuendelea kuuziwa.

Ukurasa wa kwanza hutoa matokeo ya mechi za wiki, ambayo kila mtu mjini Lubumbashi huwa ameyajua tangu Jumapili jioni. Ukurasa wa nne ni matangazo ya mafundi na viwanja vya kuuza.

Thamani ya karatasi hii iko katika ukurasa wa pili, unaoshughulikia wachezaji chipukizi. Mwandishi wake huenda kutazama mazoezi na mechi za vijana yeye mwenyewe, na hilo halijifichi. Mwezi Machi aliandika juu ya beki wa kushoto ambaye, kila alipopokea mpira akiwa ameelekea goli lake, alimrudishia kipa bila kuinua kichwa. Wiki tatu baadaye alirudi kumtazama tena, akaeleza kwamba kijana sasa hutupa jicho nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, ijapokuwa mguu wake wa kulia bado ni wa kusimamia tu. Habari ya namna hiyo haipatikani kwenye redio, ambako kila kijana anayefunga magoli mawili huitwa Mputu mpya, kwa jina la Trésor Mputu, mshambuliaji wetu mashuhuri wa zamani, na kwa kweli tumekwisha kuwa na akina Mputu wapya wengi kuliko tunavyoweza kuwakumbuka. Mwandishi huyu hutaja pia asichokiweza mchezaji, na ndiyo maana anapomsifu mtu mimi humwamini.

Msomaji anayetaka kujua kwa nini jambo hilo lina uzito na amkumbuke Jackson Muleka, aliyelelewa katika akademia ya Moïse Katumbi, tajiri wa klabu, akapanda hadi kikosi cha kwanza cha Mazembe, kisha akauzwa Standard Liège ya Ubelgiji mwaka 2020. Watu wengi walianza kumfuatilia alipokuwa tayari anafunga magoli. Ukurasa kama huu unampa shabiki nafasi ya kumjua mchezaji miaka miwili au mitatu kabla ya hapo, wakati bado anapoteza mipira. Kasoro yake ni umri. Kiungo mmoja aliandikwa kuwa na miaka 16 mwezi Februari na miaka 15 mwezi Mei, na kwa mwendo huo kufikia Krismasi atakuwa ananyonya.

Ukurasa wa tatu, unaohusu wachezaji wa zamani, ni jambo jingine kabisa. Aprili 2024, Rainford Kalaba, Mzambia aliyetuchezea miaka mingi na kuinua nasi Kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika la 2015, alipata ajali mbaya ya gari upande wa Kafue, na baadhi ya vyombo vya habari vikatangaza kwamba amefariki. Taarifa hiyo ilikanushwa upesi, lakini karatasi yetu ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikiwa na picha yake ndani ya mstari mweusi. Jumatatu hiyo nilimkuta muuzaji amepiga mkasi kwa kalamu ya buluu juu ya neno «marehemu» katika kila nakala, moja baada ya nyingine, akaniambia: «Baba, soma bila wasiwasi, bado yuko muzima.» Wiki iliyofuata nilitafuta maneno ya kuomba radhi kuanzia juu hadi chini, sikuyaona.

Kosa hilo lina chanzo kinachojirudia: ukurasa huu huandikwa kwa kunakili yanayosomwa kwenye simu. Mbwana Samatta hutajwa karibu kila wiki, kwa sababu Watanzania huandika sana juu yake, na mimi sina kinyongo naye, kwani alikuja kwetu kutoka Simba mwaka 2011, akawa mmoja wa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya 2015 kwa magoli 7, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji. Lakini wale wa Desemba 2010, waliowapiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuifanya Mazembe kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, baadhi yao bado unaweza kukutana nao hapahapa mjini, na hakuna aliyewahi kuwafuata na kuwauliza habari zao. Hata historia hunakiliwa vibaya: waliandika kwamba mwaka 1967 tuliifunga Asante Kotoko ya Ghana katika fainali ya klabu bingwa Afrika, ilhali mechi zote mbili zilikwisha kwa sare, na kombe likawa letu kwa kuwa Kotoko hawakutokea kwenye mechi ya tatu. Kuhusu timu ya wanawake, iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024, nilipata mistari minne, tena chini ya tangazo la fundi wa friji.

Ushauri wangu kwa wenye karatasi ni kwamba yule mwandishi wa ukurasa wa pili apewe na wa tatu, pamoja na nauli ya teksi. Kwa mnunuzi, franka 1,000 si hasara maadamu anaanzia katikati. Anayefika baada ya saa nne hukuta zimekwisha; muuzaji hubakiza nakala moja ya kusomea palepale kwa kusimama, kwa franka 200, mradi usiikunje.