Sanduku la nyungunyungu: mali nzuri, karatasi ya nchi ya barafu

Nililinunua mwezi wa nane kwa muuzaji mmoja hapa Mwanza mjini. Elfu tisini: trei tatu za plastiki zinazopandana, koki ndogo chini ya kutolea maji, nusu kilo ya minyoo na karatasi ya maelezo. Nakaa Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako hata ndoo ya udongo mpaka uipandishe kichwani. Nilitaka mbolea ya mchicha na figiri ninazopanda kwenye viroba.

Minyoo siwezi kuwasema vibaya. Wekundu, wembamba, wepesi, si wale wanene wa kijivu wanaochimbwa kando ya ziwa kwa ajili ya chambo. Balaa ilikuwa karatasi. Weka sanduku panapopigwa jua. Lizungushie majani makavu. Lifunike blanketi. Na mimi ni mtu wa kutii maelekezo, basi nikaliweka juu ya jiwe nyuma ya jiko, nikalifunika blanketi kuukuu la mtoto. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, nafunua: harufu ya samaki aliyelala. Waliobaki hai walikuwa wameng'ang'ania kwenye kifuniko, wanatafuta pa kutokea. Mawe yetu mnayajua, yanameza jua mchana kutwa halafu yanalitema usiku.

Nikampigia mdogo wangu aliyeko Minnesota. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kwao ziwa huganda hadi watu wanapitisha magari juu yake, na huko ndiko blanketi lina kazi. Wanalundika majani mengi kuzunguka sanduku, chakula wanakifukia katikati, kikioza kinatoa joto na minyoo wanajikusanya hapohapo. Maji wanayapunguza ili matandiko yasiwe barafu. Mnyoo akiganda amekufa, ila vifuko vya mayai vinavumilia baridi kuliko wazazi wao, ndiyo maana sanduku lililoonekana limekwisha linaweza kuamka theluji ikiyeyuka. Minyoo hawa wanapenda nyuzi 15 hadi 25 hivi. Ikikaribia 35 wanakufa. Mimi nilikuwa nawapika.

Muuzaji nampa haki yake: alinipa robo kilo nyingine bila mabishano. Karatasi, akasema, waliitoa mtandaoni wakaitafsiri tu.

Sasa sanduku liko chini ya mwembe wa mwenye nyumba. Juu nimetandika gunia la katani, nalilowesha asubuhi na mchana. Upepo wa ziwa ukipita, ndani kunapoa. Miguu ya sanduku nimeisimamisha kwenye makopo ya maji, maana siafu wakiingia usiku mmoja, hesabu umepoteza mtaji. Matandiko ni maboksi yaliyochanwa na kuloweshwa. Wanakula maganda ya ndizi, majani ya chai, mashina ya matembele. Vichwa vya dagaa siwapi: chumvi inawaunguza, na harufu inaita paka wote wa mtaa.

Kasoro za sanduku lenyewe ni mbili. Kifuniko hakina matundu, nimeyatoboa kwa msumari wa moto. Na koki inaziba kila wiki. Nazibua kwa kijiti cha ufagio, lakini masika ikifika na mvua ile ya kulala na kuamka, sijui nitazibua mara ngapi kwa siku.

Miezi minne imenipa ndoo ya lita kumi ya mbolea nyeusi, haina harufu, na mchicha umebadilika rangi. Ningepata zaidi kama wanangu wasingegundua kwamba samaki aina ya furu wanawapenda minyoo hawa kwenye ndoano. Siku hizi juu ya kifuniko kuna jiwe.

Nyota tatu kati ya tano. Karatasi bado ni ileile: juzi jirani kanunua lake, nikampelekea kalamu afute mstari wa blanketi kabla hajafungua mfuko wa minyoo.