Kioo chenye chuma kidogo kwenye tangi la samaki: nilichokiona baada ya miezi minane

Tangi langu la kwanza lilinihangaisha kwa rangi. Chini nilimwaga mchanga mweupe, na humo wakaishi samaki wa dhahabu wanne, wawili kati yao weupe pee. Nikichungulia kutoka juu, weupe ni weupe. Nikikaa mbele, kila kitu kimevaa ukijani, kana kwamba kuna mtu kasuuza majani ndani ya maji yale. Nilibadilisha maji. Nilinunua taa nyingine. Nilisugua hata mwani ambao haukuwepo. Mwezi mzima nayalaumu maji, na maji hayana kosa.

Siku moja nikipangusa ukingo wa juu wa kioo ndipo nikashtuka: ukingo wenyewe ulikuwa kijani cha chupa. Rangi ilikuwa ndani ya kioo.

Anayeitia ni oksidi ya chuma, jamaa wa karibu wa kutu. Huingia na mchanga unaoyeyushwa, kwa sababu mchanga usio na chuma kabisa ni adimu. Kilo moja ya kioo cha kawaida huwa na kama gramu moja tu, basi. Lakini chuma hicho hukaa kwa hali mbili. Kimoja hunyonya mwanga wa urujuani na kuacha umanjano hafifu. Kingine hunyonya wekundu, pamoja na joto lisiloonekana, kikaacha ubuluu, na huyu wa pili ndiye mwenye nguvu zaidi. Buluu na manjano zikikutana, unapata kile kijani. Kadiri mwanga unavyosafiri mbali zaidi ndani ya kioo ndivyo kinavyokolea, ndiyo maana ukingo hausemi uongo hata kama uso wa kioo unaonekana safi.

Tangi la pili nikaagiza la urefu wa sentimita 120 na kimo cha 60, vioo vya milimita 12. Cha mbele kiwe chenye chuma kidogo, ambacho kina kama sehemu moja ya kumi ya chuma cha kile cha kawaida. Vitatu vilivyobaki viwe vya kawaida. Mfuko wangu haukuruhusu zaidi, na sikuona haja.

Lilipofika, nikaweka karatasi nyeupe ndani, nikarudi nyuma hatua mbili. Kijani! Nikainama kwenye kingo. Kioo cha nyuma ndicho kilichokuwa na ukingo mwangavu wenye ubuluu wa mbali. Vipimo vya mbele na nyuma ni sawasawa, fundi alivichanganya.

"Bosi, mbona vyote vyeupe hivi?" akaniambia.

"Fundi, inama uangalie ukingo."

Akainama. Akakaa kimya kidogo. "Aisee."

Mtasema si ningeligeuza tu tangi? Tatizo ni kwamba tundu la bomba lilikuwa limeshatobolewa kwenye kile kioo cha gharama. Ikabidi silikoni, ile gundi inayoshika vioo, ikatwe na vioo viwili viagizwe upya. Gharama alibeba yeye, sina kinyongo, ila wiki tatu zangu zilienda hivyo. Kwa hiyo kabla hakijabandikwa chochote, omba kuona vioo vikiwa vimesimama sambamba juu ya karatasi nyeupe.

Matokeo sasa. Samaki weupe ni weupe, na yule mwekundu ndiye aliyenishangaza zaidi: kumbe kioo cha zamani kilikuwa kinamnyang'anya rangi. Kwa unene huu kioo cha kawaida hupitisha takriban asilimia 85 ya mwanga, hiki kama 90. Usitarajie 100, maana kila uso wa kioo hurudisha karibu asilimia 4 hata kikiwa safi namna gani. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Ukitazama kwa mbele halafu ukasogea hadi ubavuni, unaiona bila kuambiwa.

Lawama zangu ni mbili. Bei imezidi ya kile cha kawaida kwa mbali. Na mkwaruzo wowote sasa unaonekana wazi. Nina mmoja, punje ya mchanga ilinasa kwenye sifongo, na kila nikikaa jicho linaenda hapohapo.

Kwa tangi dogo la milimita 4 au 5 nisingehangaika. Wala kama mchanga wako ni mweusi.

Zamani walipambana na kijani hiki kwa kutia madini ya manganizi, Warumi nao walifanya hivyo. Inaufuta ukijani vizuri, ila kioo kikipigwa na jua miaka mingi huweza kugeuka zambarau. Afadhali nimelipia kupunguziwa chuma.