Kumbukumbu ya ndoa kwenye mji wa kale wa pwani: upi ulipiwe kwanza

Wengi wakipanga kusherehekea kumbukumbu ya ndoa kwenye mji wa kale huanza kuorodhesha vivutio: ngome ipi, jumba lipi, makumbusho yapi. Mimi naanza na saa moja usiku. Mchana miji hii ni ya makundi ya watalii, waongozaji na jua kali. Baada ya magharibi makundi hurudi kwenye hoteli za ufukweni, barazani hukaa wenyewe, upepo huanza kupita vichochoroni, na hapo ndipo wawili hupata walichokifuata. Kwa hiyo nimeipanga miji kwa swali moja: mkishakula, mnaweza kutoka mlangoni mkatembea kwa miguu, mkapotea kidogo, na mkarudi kulala bila kutafuta teksi?

Ya kwanza: Lamu, ikiwa mtalala siku nne

Mji wa Lamu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na sababu kubwa ni kwamba watu bado wanaishi ndani yake. Magari hayapiti vichochoroni. Saruji, maji na masanduku ya wageni hubebwa na punda au mkokoteni. Jioni, uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome (ilijengwa kati ya 1813 na 1821) hujaa wanaume wanaocheza bao na dhumna, na ninyi mnaweza kukaa pembeni na kahawa yenu nusu saa nzima, watu wakiwaitikia salamu na kuendelea na mambo yao.

Cha kununua hapa ni chumba ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, si hoteli ya kawaida. Nyumba hizo zina kiwanda (ua wa ndani) katikati, zidaka (vishubaka) zilizochongwa ukutani kwa chokaa, kitanda cha samadari, na juu kabisa paa lenye makuti. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Sasa sikiliza jambo ambalo picha hazitakwambia: vyumba vizuri kuliko vyote kwa zidaka ni vile vya ndani, na vya ndani havina dirisha la barabarani. Mchana ni giza, na umeme ukikatika usiku ni tanuri. Omba chumba cha ghorofa ya juu, kisha uliza kama jenereta inaendesha feni usiku kucha au ni taa tu.

Gawanyeni siku: mbili mjini, mbili Shela. Shela iko kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuo, ina mchanga na vilima vyake, ni tulivu zaidi na ni ghali zaidi. Anayelala Shela siku zote nne atakuwa amekwenda ufukweni, ambako angeweza kwenda popote. Kutoka mjini mnaweza kutembea maji yakipwa, au mkapanda boti ya abiria. Boti ya kukodi peke yenu bei yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo ukiambiwa bei uliza kwanza ni ya kiti au ya boti nzima.

Safari ya jahazi wakati wa machweo ndiyo zawadi ambayo ningeilipia bila kunung'unika. Pataneni kabla ya kupanda: saa ngapi kuondoka, saa ngapi kurudi, chakula kimo au hakimo, na kama kuna wageni wengine chomboni. Msimu wa kusi ukishika, tuseme Mei hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka, na nahodha mwaminifu atawapeleka kwenye mkondo wa mikoko badala yake. Mkubalini. Mkitaka magofu ya Takwa kwenye kisiwa cha Manda, nendeni maji yakijaa ili chombo kiingie kwenye mkondo.

Kasoro zake? Punda hulia saa tisa usiku kana kwamba wanadai urithi. Vichochoroni angalia unapokanyaga. Mji ni wa Kiislamu na pombe inapatikana sehemu chache, kwa hiyo wanaotaka mvinyo kila mlo watafurahi zaidi Shela. Kufika ni gharama: ndege kutoka Nairobi hutua Manda na mnavuka kwa boti dakika chache. Kwa barabara kuna mabasi ya Mombasa hadi Mokowe, lakini njia hiyo imewahi kushambuliwa, basi ulizeni hali ya usalama ya wiki hiyo, si ya mwaka jana. Kwa anayetoka Dar es Salaam nauli inaweza kula nusu ya bajeti, na huyo namshauri asome hapo chini.

Ya pili: Mji Mkongwe, Unguja

Kwa wenye siku mbili au tatu, hapa ndipo namba moja. Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili, chaguo la vyumba ni kubwa kuliko miji mingine yote ya orodha hii, na usiku una mambo. Kinachoushusha hadi nafasi ya pili ni kwamba kila mtu anajua hayo. Kati ya bandari na mlango wa hoteli, papasi (madalali wa watalii) wanaweza kuwasalimia kwa lugha tano.

Uliza mtaa kabla ya bei. Kwenye matangazo, “Mji Mkongwe” hunyooshwa mpaka ng'ambo ya Creek Road, mji huo unakoishia, na zaidi. Shangani iko karibu na bahari, ina hoteli kubwa na mikahawa, na ndiko kunakochangamka usiku. Hurumzi na Kiponda ni majumba marefu ya wafanyabiashara wa zamani, vyumba vya mapambo mazito, na paa za kulia chakula ambazo mnaona minara na mabati yenye kutu mpaka baharini. Malindi iko jirani na bandari: nafuu, ila alfajiri ina makelele. Kama mmoja wenu ana matatizo ya magoti, zingatia kwamba majumba mengi hayana lifti. Chumba cha juu chenye mandhari kinaweza kuwa na ngazi nne za mwinuko wa kupanda mlingoti. Gari nalo haliwezi kufika mlangoni. Hamali na mkokoteni wake ndio usafiri wa mizigo, na malipo yake msimpunje.

Jioni bustani ya Forodhani, penye wauza vyakula, hupendeza, kula kidogo na kuzunguka sana. Ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, hasa kamba na pweza, maana bei inayotajwa baada ya kuchoma huwa na miguu mirefu. Kama mna njaa kweli, urojo wa mtaani mchana utawashibisha kwa pesa kidogo zaidi.

Lakini kitu cha pekee cha Mji Mkongwe ni taarabu. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958. Mkifika tu, ulizeni mwenye nyumba nani anapiga wapi wiki hiyo, kabla hamjalipia chakula cha jioni cha maonyesho cha hoteli. Chukueni noti ndogondogo za kumtunza mwimbaji. Mume anayesimama mbele za watu kutunza wimbo kwa niaba ya mkewe hahitaji hotuba nyingine mwaka huo.

Mchana fanyeni machache. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, linataka saa yake na ukimya wake. Msiliingize kati ya kununua vikoi na chakula cha mchana. Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, basi anayewauzia ziara ya kuingia ndani mwulizeni kwanza kama limefunguliwa. Kobe wa Changuu ni safari nzuri ya asubuhi, nayo inatosha.

Februari wakati wa Sauti za Busara vyumba hupanda bei na kujaa. Wapenda muziki ndiyo wakati wao. Wanaotaka utulivu waje Novemba mwanzoni au Machi kabla ya masika.

Ya tatu: Mombasa

Naipenda Mombasa kuliko nafasi niliyoipa. Tatizo ni malazi. Vyumba vizuri ndani ya Mji wa Kale ni vichache, na hoteli nyingi ziko Nyali, Bamburi au Diani, kwa hiyo usiku ukifika mnajikuta kwenye gari, na kwenda Diani kuna kivuko cha Likoni. Swali langu la saa moja usiku linaishia hapo.

Faida yake ni wepesi kwa mtu wa Nairobi: treni ya SGR kwa saa tano hivi, ingawa stesheni iko Miritini na bado kuna mwendo kuingia mjini. Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, nendeni ikifunguliwa asubuhi kabla ya mabasi ya shule. Kisha Ndia Kuu taratibu kwa miguu, viazi karai, kahawa chungu na kashata. Jioni mkikuta anayeuza asumini, nunueni. Mkipata chumba ndani ya Mji wa Kale chenye dirisha la kuelekea bandari ya majahazi, isogezeni Mombasa iwe sawa na Mji Mkongwe.

Ya nne: Bagamoyo

Kwa bajeti ndogo, au kwa wazazi waliomwachia bibi watoto siku moja tu. Ni mwendo mfupi kutoka Dar. Misheni ya Kikatoliki ilianza 1868, na humo ndimo mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kaole ina misikiti na makaburi ya nguzo, na waongozaji husimulia habari za wapenzi waliozikwa pamoja. Msikilizeni hata kama hamuamini. Hoteli ziko ufukweni, mbali kidogo na nyumba za kale, na usiku mji hulala mapema.

Onyo moja la kweli: kabla ya kulipa, ulizeni kama kuna semina. Bagamoyo ni mji wa semina. Hakuna mahaba yanayostahimili kifungua kinywa cha watu sitini wenye vitambulisho shingoni.

Kilwa sikuiweka kwenye orodha. Kilwa Kisiwani iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, Ibn Battuta alifika 1331, na magofu yake yanayapita yote niliyotaja. Lakini mtalala Kilwa Masoko na kuvuka kwa boti mchana. Ni safari ya wawili wanaopenda historia kuliko wanavyopenda mto laini.

Kuhusu pesa

Pigeni simu moja kwa moja, ulizeni bei ya mwananchi au mkaazi. Mara nyingi haimo kwenye tovuti. Ulizeni kama bei ni ya chumba au ya mtu, na Zanzibar kama tozo ya miundombinu ya kila usiku imo ndani. Kama bajeti haitoshi chumba kizuri siku zote, chukueni cha kawaida mwanzo na kile kizuri siku ya mwisho, kamwe si kinyume chake. Wapo wenye nyumba za wageni wanaouliza cheti cha ndoa. Picha yake kwenye simu inamaliza mjadala.

Kifurushi cha “anivesari” cha hoteli, yaani taulo zilizokunjwa kama bata, petali za waridi na keki yenye majina yaliyokosewa, kiacheni. Kwa pesa ndogo sana mwenye nyumba wa Lamu au Unguja atawatafutia kikuba cha asumini na rehani, na atafukiza udi chumbani kabla hamjarudi. Mwambieni asubuhi, maana asumini huchumwa jioni na huisha haraka.

Ramadhani bei hushuka, lakini mchana migahawa mingi hufungwa na kula hadharani si adabu. Kwa wanaofunga, futari ya Lamu au Unguja ni sababu tosha ya kwenda. Wakati wa Maulidi Lamu hujaa, wekeni nafasi mapema sana. Na tiketi ya kurudi kutoka Unguja chukueni ya boti ya mchana. Ya alfajiri itawanyima kifungua kinywa juu ya paa, na hicho mmeshakilipia.