Glavu za kugusia simu ukiwa kwenye baiskeli msimu wa baridi: zipi za kununua, zipi za kuachana nazo

Januari yangu ya kwanza kupiga delivari Berlin nilikuwa navua glavu kwa meno. Oda inaingia, simu inalia kwenye holda, una sekunde chache tu za kuikubali, basi mi nang'ata ncha ya kidole, navuta, nagusa skrini, narudisha mkono na kidole kishakufa ganzi. Siku moja pale Sonnenallee, baridi nyuzi 7 chini ya sifuri, glavu ikanichomoka mdomoni ikaangukia kwenye lile tope la theluji, gari ikapita juu yake. Shifti nikaimaliza na glavu moja na soksi. Toka hapo nimenunua glavu nyingi kuliko mashati, kwaio niwaokolee hela wadau, hasa nyie mliofika juzi na mnaona Oktoba mnadhani ndo baridi yenyewe.

Kwanza ujue kwa nini glavu ya kawaida inagoma. Simu za sa hivi hazipimi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, chini ya kioo kuna wavu mwembamba usioonekana wenye chaji ndogo ya umeme, na kidole kwa vile kinapitisha umeme kikisogea chaji inabadilika pale, simu inajua umegusa wapi. Sufu haipitishi, ngozi nene nayo haipitishi. Zile tachi za zamani kama Nokia 5800 zilikuwa zinataka kubonyezwa tu, hata kwa ukucha. Mwaka 2010 Korea Kusini ilisikika sana kwamba watu wanagusia simu kwa soseji kwenye baridi, ukweli mtupu, soseji ina maji na chumvi kama kidole chako. Pua nayo inakubali. Nimejaribu, kwenye taa nyekundu, mama mmoja wa Kijerumani akaniangalia vibaya sana.

Haya, namba moja kwangu, wala sio glavu yenyewe. Ni mifuko ya usukani, ile inayovalishwa kwenye hendeli unaingiza mkono ndani pamoja na breki na gia, kama zile unazoziona kwenye bodaboda za Nairobi mwezi wa saba. Huku ukitafuta andika Lenkerstulpen. Ndani yake unavaa glavu nyembamba tu ya tachi, ile ya bei rahisi ya kusuka, maana upepo haukufikii tena, ukitaka kugusa simu unachomoa mkono, unagusa, unarudisha kwenye joto. Nimepita nayo Tempelhofer Feld, ule uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa 2008, hakuna mti hakuna ukuta, upepo unakuja kama una deni na wewe, na mikono ilikuwa inatoka jasho. Ubaya wake ni sura, baiskeli inaonekana imevaa mabuti, na siku za kwanza unapapasa kutafuta breki, kwaio zoea kwanza mtaani kwako kabla hujaingia barabara kubwa. Kama usukani wako ni ule wa baiskeli za mashindano uliopinda, uliza mfuko wa usukani wa hivo, ule wa kawaida hautakaa.

Namba mbili, tabaka mbili: nyembamba ya tachi ndani, nene isiyopitisha upepo juu. Nzuri zaidi ile ya juu iwe imegawanyika kama koleo, vidole viwili viwili, vinapeana joto na bado unashika breki vizuri. Sema ile ya juu bado unaivua kila ukitaka simu, kwaio itafutie kamba ya kuifunga kwenye mkono, usiwe kama mimi na soksi. Kwa mtu anayeenda kazini asubuhi na kurudi jioni, anaangalia ramani mara mbili, hii inatosha kabisa wala asihangaike na mifuko.

Namba tatu ndo ile kila mtu anaanza nayo na wengi inawatoa machozi: glavu nene ya baridi yenye alama ya kidole na simu kwenye lebo. Lebo haidanganyi sana, tatizo ni kwamba kile kitambaa cha kupitisha umeme lazima kikae kwenye ngozi yako, na glavu nene ina sponji katikati, af ncha ya kidole ni ndefu kuliko kidole, pale mbele kuna upepo tu. Unagusa "kubali" simu inafungua ramani. Duka moja muuzaji alinihakikishia kabisa kwamba hii ni ya waendesha baiskeli, nikalipa euro 45, kumbe kidole gumba hakina kitu, na mi kwenye holda natumia gumba! Kwaio ukiwa dukani toa simu yako, ivae glavu, andika namba ya simu nzima, kisha kuza na punguza ramani kwa vidole viwili. Ukikosea zaidi ya mara moja rudisha kwenye rafu. Ncha iwe imebana, na mshono usiwe juu kabisa ya kidole.

Ile ya nne ni ya wabahili wenzangu. Kuna uzi wenye madini ya fedha unaopitisha umeme, unauzwa mtandaoni, unachukua glavu uliyonayo unashona mishono mitano sita kwenye ncha, ila uzi utokeze na ndani ugusane na kidole, wengi wanashona juu tu wanasema haifanyi kazi. Nimeshonea gumba za ile ya euro 45 na sasa inakula mzigo.

Glavu za nusu vidole zenye kifuniko cha kukunja, hapana, kwa baiskeli upepo unaingia palepale. Kalamu za tachi ndo kabisa, utaiangusha siku ya kwanza.

Mvua sasa. Hapo hakuna glavu itakayokusaidia sana, tone la maji likikaa kwenye kioo simu inadhani ni kidole. Ndo maana wanaoendesha safari ndefu wengi wanapenda kompyuta ya baiskeli, kile kidude cha kwenye usukani cha kuonyesha njia na kasi, yenye vitufe, Garmin Edge 530 kwa mfano ni vitufe vitupu wakati ndugu yake 830 ni tachi, ukiwa na glavu nene, hiyo 530 inakusikia hata ukiwa na mkono wa kondoo. Simu za Samsung nyingi zina sehemu ya kuongeza wepesi wa tachi kwenye mipangilio ya skrini, iwashe, ni bure. Na simu ikae kwenye holda, maana ukishikwa umeibeba mkononi huku unaendesha Ujerumani ni faini ya euro 55, hela ya mifuko ya usukani hiyo.

Ukinunua mtandaoni huku una siku 14 za kurudisha, ila ya dukani hawalazimiki kuipokea, kwaio dukani ndo jaribu mpaka muuzaji achoke.