Ziwa Ngosi, Uporoto: wahi asubuhi, na usishuke majini

Kwa safari ya siku moja kutoka Mbeya mjini, hatujui mahali panapoishinda Ngosi, ila inamtaka mtu aamke mapema. Ziwa limekaa ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la volkano, katika milima ya Uporoto, kwenye mwinuko wa mita 2,060 hivi kutoka usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo wake inafika mita 2,620. Njia nzima hulioni. Unapanda msituni ukitazama matope na mizizi, kisha ardhi inakatika ghafla na maji yako kule chini, zaidi ya mita 200, yamezungukwa na kuta za miti pande zote.

Kinachowaharibia wengi safari ni ukungu. Jua likishapasha msitu joto, unyevu wake unapanda na kugeuka mawingu yanayojaa ndani ya kreta. Mtu anaanza kupanda saa sita mchana, anafika juu amelowa jasho, anakuta weupe mtupu. Atasubiri, na pengine pazia litafunguka kwa dakika chache, pengine lisifunguke kabisa. Ondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi ili saa nne isikupite kabla hujafika ukingoni. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Juni na Julai kuna baridi kali, lakini anga huwa safi zaidi. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua za Rungwe hazina mchezo, na njia inakuwa utelezi toka mwanzo hadi mwisho.

Usafiri ni rahisi. Stendi ya Nane Nane kuna kosta za Tukuyu na Kyela muda wote. Mwambie konda akushushe Isongole. Nauli elewaneni kabla ya kupanda, maana anayeshuka njiani wakati mwingine hutozwa ya Tukuyu nzima. Kutoka Isongole bodaboda zinakupeleka kwa barabara ya vumbi, kilomita kadhaa kati ya mashamba ya viazi, hadi msitu unapoanzia. Patana bei ya kwenda na kurudi, chukua namba ya simu ya dereva, na sehemu ya hela umlipe akikurudisha. Ukimlipa yote asubuhi, mchana unaweza kujikuta unarudi lami kwa miguu. Wenye magari madogo wanafika wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, barabara hiyo inataka gari refu linalovuta magurudumu yote manne.

Msitu huu ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo kiingilio kinalipwa kwa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali) na unapewa risiti. Mgeni kutoka nje ya nchi analipa zaidi ya Mtanzania. Malipo ya mwongozaji ni kitu kingine. Mkubaliane kabla ya kuanza kupanda. Usijaribu kuokoa hela hiyo. Ndani ya msitu kuna vijia vingi vya wachuma dawa na wakata mianzi, na kwa mgeni vyote vinafanana na njia kuu. Isitoshe, mwongozaji mzuri ndiye atakayekuonyesha mbega juu ya miti, migomba pori, na kinyonga wa pembe tatu anayepatikana Uporoto na mlima Rungwe. Yule kinyonga ana rangi ya majani yenyewe, unaweza kumpita hatua moja usimwone.

Kupanda kunachukua saa moja hadi saa moja na nusu kwa mtu mwenye mwendo wa kawaida. Mwanzo ni rahisi na unaweza kudanganyika. Sehemu ya mwisho ndiyo kazi: mwinuko unasimama wima, unashika mizizi kwa mikono. Udongo wenyewe ni majivu ya volkano yaliyochanganyika na majani yaliyooza, na kwa kuwa jua halifiki chini, hata Agosti unateleza. Raba zenye soli laini hazifai hapa. Vaa buti zenye meno au mabuti ya mpira, beba fimbo, koti la mvua na maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kwani msituni hakuna pa kununua. Wakati wa kushuka, weka mguu ubavu na usiruke. Wengi huanguka wakati wa kurudi, miguu imechoka na macho yako kwenye simu. Mwenye matatizo ya magoti tungemshauri asijaribu.

Pale juu, simama nyuma ya mstari wa miti. Majani yamefunika ukingo kiasi kwamba unachodhani ni ardhi huenda ni matawi tu. Kuna njia ya kushuka hadi majini, na vijana watakuambia inapitika. Ni genge, unashikilia mizizi na miti, na ukiumia huko chini kukutoa ni kazi ya watu wengi na saa nyingi. Mandhari bora iko juu. Maji yenyewe hayanyweki, yana chumvi inayoletwa na vimiminika vya moto kutoka chini ya volkano. Ndiyo sababu wataalamu wa jotoardhi wanaufuatilia mlima huu.

Masimulizi ni nusu ya thamani ya safari hii, kwa hiyo mwombe mwongozaji ayasimulie ukiwa umekaa, si wakati unahema mlimani. Utasikia kwamba ziwa lina nguvu zake, kwamba hubadilika rangi, kwamba waganga huja hapa kuomba na kuchuma dawa. La rangi utaliona kwa macho: wingu likipita, maji yanatoka kijani kibichi hadi karibu meusi, na jua likirudi yanang'aa tena. Kuna pia habari za hazina ya Wajerumani iliyotupwa majini. Majeshi ya Uingereza yaliingia Tukuyu Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na Wajerumani wakaondoka, na habari kama hiyo inasimuliwa pia huko Masoko, kwenye ziwa jingine la kreta. Wengine watakwambia ziwa lina umbo la bara la Afrika. Mwombe mwongozaji akuonyeshe Pembe ya Afrika iko wapi. Usirushe mawe wala kupiga makelele. Kwa wenyeji wengi hapa ni mahali pa heshima, na mbega nao wakisikia kelele wanapotea.

Ukishuka kabla ya saa saba mchana, bado unawahi Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, barabara hiyo hiyo ya Tukuyu. Kijungu kiko jirani, ila kipo ndani ya eneo la chuo cha magereza: omba ruhusa getini na uulize kwanza kuhusu kupiga picha.